Mashine ya Boti Ndani ya Pipa la Mama

Tarehe kumi na moja Mei mwaka huu tulimpoteza mama yetu, Anjelina. Tulimzika nyumbani Bunyala, karibu na baba. Siku ya mazishi nilipewa nafasi ya kusema neno kama mtoto wa kwanza. Nikasimama, nikashika kipaza sauti, nikasema asanteni kwa kuja, nikaketi. Mimi si msemaji, na shule niliiachia darasa la saba. Waliosema walisema vizuri, kwamba alikuwa mama wa kanisa, mpole, asiyeinua sauti. Yote ni kweli. Lakini hakuna aliyetaja mashine ya boti, na hiyo mashine ndiyo iliyokuwa imejaa kichwani mwangu nilipokuwa nimesimama pale. Kwa hiyo nimeandika hapa kile nilichoshindwa kusema.

Ninyi mliokulia Riruta, pembeni ya Nairobi, miaka ya sabini ikianza mtanielewa. Tulikaa kwenye vyumba vya mbao na mabati, ploti moja watu wengi, na katikati ya ploti na ploti kulikuwa bado na mahindi, viazi, na ng'ombe wa mtu amefungwa kwenye mti. Siku za soko ng'ombe walipitishwa barabarani wakienda Dagoretti kuchinjwa, wakitufukuza kwenye mchezo wetu wa kati, ule wa kurushiana mpira, na jioni upepo ulituletea habari zao. Jumamosi matumbo yalipikwa karibu kila nyumba. Ungeweza kufunga macho ukatembea ploti nzima ukijua nani ameweka vitunguu na nani amechemsha hivyo hivyo na chumvi. Wavulana walicheza bano, yaani gololi, mpaka vidole vikawa vyeusi. Sisi wasichana tuliruka kamba ya katani tuliyoiba kwenye gunia la mkaa. Wajukuu wangu leo wana simu yenye michezo mingi kuliko wanayoweza kumaliza, na bado wananijia wakiburuta miguu, "Kukhu, tumeboeka." Mimi sijui hata hilo neno tungelitumia wapi. Ukikaa bure enzi zetu, mtu mzima yeyote aliyepita alikutuma kitu.

Na mara nyingi ulitumwa maji. Mfereji ulikuwa mmoja, chini karibu na barabara, na ulikuwa na tabia zake. Siku nyingine unafunguliwa ukitoa maji meupe kama maziwa, siku nyingine unatoa upepo tu. Tulipanga madebe foleni, kila mtu akijua la kwake kwa rangi au kwa mahali lilipobonyea. Mama alikuwa na pipa kubwa la chuma nyuma ya chumba chetu. Lilikuwa la oili zamani, akalisugua kwa majivu na mchanga mpaka likaacha kunuka. Debe kwa debe, mimi na yeye tulilijaza. Kuoga tulipimiwa. Kuchota bila kuuliza ilikuwa kesi. Akina mama wa ploti walimtania kwamba anapenda pipa kuliko mume, naye alikuwa akitabasamu tu.

Baba alikuwa fundi kwenye gereji moja kule Grogan, mjini. Wakati mwingine Jumamosi alitupeleka, mimi na mdogo wangu Wandera, tukamwona akitoka chini ya lori, meno peke yake ndiyo meupe. Tulinunuliwa chai na andazi kwenye kibanda, tukakaa juu ya matairi tukitazama mji unavyopita: makarani na tai zao, Wahindi wakifungua maduka, wachuuzi wakikimbia askari wa jiji. Tulijiona watoto wa mtu mkubwa. Kumbe baba alikuwa kibarua. Lori likija alilipwa, lisipokuja alirudi kwa miguu mpaka Riruta.

Mwaka mmoja, mwezi wa Septemba, baba alituketisha chini. Alisema mambo yasipobadilika, Desemba mama na sisi watoto tutarudi Bunyala tukae kwa kukhu, yeye atafute kitanda na wanaume wenzake Kawangware. Watu wengi wa kwetu waliishi hivyo. Tulikuwa na rafiki katika ploti ile ile aliyeondoka na mama yake namna hiyo. Akirudi likizo kumtembelea baba yake, alikaa mlangoni kama mgeni, anangoja aambiwe aingie. Wandera aliuliza, "Na wewe utakuja lini, baba?" Baba akasema, "Krismasi." Wandera akauliza, "Na ingine?" Baba akainama kufungua viatu. Mama aliinuka akaenda kufunika pipa, na lilikuwa limefunikwa.

Basi mwezi uliofuata akatokea Bwana Kamande. Alikuwa mtu mnene wa Naivasha mwenye boti za uvuvi, amevaa koti hata juani. Alileta lori lake Grogan, na nyuma ya lori, chini ya turubai, kulikuwa na mashine ya boti iliyokufa. Mwenye gereji hakutaka kuiona. Alisema yeye hana ziwa. Baba ndiye aliyeisogelea. Alikuwa amezaliwa kando ya ziwa kule Bunyala, na mashine za namna hiyo zilikuwa zimeanza kufika kwa wavuvi wa kwetu wakati anaondoka kuja Nairobi.

Bwana Kamande akamwambia, "Fundi, hii ikiamka nitakuletea zingine, na za marafiki zangu pia. Tuko wengi kule na fundi hatuna. Isipoamka, hata usinitafute. Jumamosi ya wiki ijayo nakuja kuiona."

Mashine ikaletwa Riruta kwa mkokoteni, ploti nzima ikifuata nyuma. Mama Wairimu, mwenye ploti, alitoka na mwiko mkononi, akamwita baba kwa jina langu.

"Baba Nabwire, hii kitu italipua nyumba yangu?"

"Hailipuki, mama. Inasukuma boti."

"Na boti iko wapi?"

"Iko Naivasha."

"Ngai! Sasa hapa itasukuma nani?"

Kila jioni kabla giza halijaingia baba aliifungua, na mimi na Wandera tulichuchumaa hapo. Alipenda kueleza. Alisema, "Nabwire, gari lina rejeta. Maji yake ni yale yale, yanazunguka kila siku kama askari wa zamu. Hii haina rejeta. Rejeta yake ni ziwa lote." Akatuonyesha mguu mrefu wa mashine unaoingia majini, na juu kidogo ya propela vitundu vyenye chujio. Hapo maji yanavutwa na kigurudumu kidogo cha mpira chenye mbawa laini kama ua la malenge, yanapanda kwenye bomba jembamba mpaka kichwani, yanaipoza injini, halafu yanashuka tena.

"Na moshi?" akauliza Wandera.

"Moshi unashuka nayo. Yanapita njia moja ndani ya mguu, yanatokea chini ya maji pale kwa propela. Ziwa linaumeza moshi na kelele zake. Ndiyo maana boti haipigi kelele kama lori. Ila maji kidogo tu yanapitia hapa nyuma, kwenye hiki kitundu. Yanaruka nje ili mwenye boti aone. Ikianza kukojoa hapo, unajua..."

"Baba Nabwire!" Sauti ya mama kutoka ndani. "Hayo ni maneno ya mbele ya watoto?"

Wavuvi wote walisema hivyo, na hakuna neno lingine walilokuwa nalo. Lakini mama alikuwa wa chama cha akina mama kanisani, na chumbani mwetu hata punda hakutajwa kwamba anafanya hivyo. Tangu siku hiyo mama akiwa karibu baba alifunga mdomo juu ya kile kitundu, na sisi tukakitaja kwa kunong'ona tukiziba midomo kwa kucheka. Hivyo katika nyumba yetu yote, mtu pekee ambaye hakuelezwa kazi ya kile kitundu alikuwa mama.

Ugonjwa wa mashine baba aliupata. Mtu aliiwasha kule Naivasha ikiwa nchi kavu, kigurudumu cha mpira kikaungua, mbawa zikabaki vipande vipande. Alizunguka maduka yote ya vipuri mjini, wakamwonyesha vya magari. Mwishowe alichukua mpira wa kuzuia tope wa lori, ule unaoning'inia nyuma ya tairi, akakata kigurudumu kipya kwa wembe na kisu. Alikata, akapima, akatupa, akakata tena.

Ijumaa akaenda kuomba pipa.

Hamkumjua mama. Aliangalia pipa, akamwangalia baba, akaangalia ile mashine iliyojaa grisi. "Maji haya tumeyabeba na Nabwire tangu Jumapili," alisema.

"Najua, Mama Nabwire. Lakini ikilia bila maji, mpira utaungua tena, na mwingine kama huu siwezi kukata."

"Na oili?"

"Oili itaingia."

Mama alichota ndoo mbili za kupikia, akaondoa kifuniko mwenyewe. Baba akaibana mashine kwenye ukingo wa pipa, mguu ukaingia majini, akavuta kamba. Akavuta tena. Ikakohoa, ikashika. Pipa zima likatetemeka, maji yakachemka kwa mapovu ya moshi wa samawati, kuku wa Mama Wairimu wakapanda juu ya mabati. Na nyuma ya mashine, kutoka kwenye kile kitundu, ukaruka mchirizi mwembamba wa maji, ukavuka ukingo wa pipa ukamwagika chini. Mimi na Wandera tulirukaruka tukishikana mikono. Baba aliizima haraka, kwa sababu ndani ya pipa mashine huanza kunywa moshi wake yenyewe, lakini alikuwa anacheka peke yake. Mama alisimama mlangoni na mikono kwenye leso. Alikuwa akiyatazama yale maji yanavyopotea mchangani. Baba alidhani amefurahi tu.

Jumamosi asubuhi baba alienda Grogan nusu siku. Mimi na Wandera tulitumwa Dagoretti kwa nyama ya mgeni. Mashine ilibaki kwenye pipa, ikidondosha tone moja moja kwenye kile kitundu. Mama akabaki nayo.

Saa nane Bwana Kamande akafika na koti lake. Ploti yote ilitoka, wengine na viti. Baba alikuwa amenyoa. Akavuta kamba, mashine ikashika mara moja. Mapovu yakaja, moshi ukaja, kuku wakapanda. Kitundu kikakaa kikavu.

Wandera akaninong'oneza, "Haijakojoa."

Baba aliinama, akatazama, akaizima. Nikaona masikio yake yakibadilika rangi. Akaiwasha tena. Kitundu hakikutoa hata tone.

"Fundi," Bwana Kamande akasema kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita boti ya mbali, "mbona haikojoi?"

Watu wakacheka. Baba hakucheka. Akili yake yote ilienda kwenye kile kigurudumu alichokata kwa mkono. Hakufikiria mahali pengine. Alisema kwa sauti ndogo, "Ni mpira. Mpira umekataa." Akaanza kutafuta spana ya kufungua mguu.

"Kuufungua ni mpaka saa ngapi? Mimi narudi Naivasha sasa hivi."

"Nipe kidogo, bwana."

"Fundi, nilikupa wiki nzima."

Mama alikuwa ametoka na sinia la chai. Akasimama nyuma yangu. "Nabwire, huyu mgeni anasema nini?"

"Anasema maji, mama. Yale ya jana, yanayoruka nyuma. Lazima yaruke. Yasiporuka, mashine ni mbovu."

Mama hakuwa mtu wa kusema mbele ya wageni. Hata kanisani aliomba kwa midomo bila sauti. Na mgeni alikuwa ameshageuka kuelekea langoni. Mama akanipa sinia.

"Baba Nabwire," aliita. Baba hakusikia. Akaita tena, mpaka Mama Wairimu akanyamazisha watu. "Baba Nabwire, ile... ile njia yake. Mimi niliiziba."

"Njia gani?"

"Hiyo ya nyuma."

"Umeziba na nini?"

"Na sabuni. Kama wewe unavyoziba tangi la petroli likivuja. Nilisema mgeni asikute inavuja."

Mnakumbuka dawa hiyo. Tangi la gari likitoboka njiani, fundi alilainisha sabuni ya kipande kwa vidole, akaikandika, na gari likafika. Mama alikuwa amemwona baba akifanya hivyo mara nyingi. Naye aliifanya vizuri zaidi. Alikandika, akasawazisha kwa kidole, akapangusa kwa leso mpaka usione palipozibwa. Ilikuwa kazi safi sana.

Ploti ililipuka. Mama Wairimu alishika nguzo. "Mama Nabwire! Umeifunga nepi!" Hata mgeni alirudi akiwa ameshika tumbo. Mama alikuwa amefunika uso kwa leso. Baba alichomoa waya wa baiskeli, akapenyeza kwenye kitundu, sabuni ikatoka kama funza. Akavuta kamba.

Mara ya kwanza kikatoa povu. Halafu mchirizi ukaruka mrefu kuliko wa jana, ukampata Bwana Kamande kwenye koti, kifuani.

Mashine iliendelea kunguruma. Bwana Kamande akajitazama. Akapangusa kidevu.

"Mama," alisema, "mimi nilibatizwa nikiwa mtoto. Hii ni ya pili."

Baba aliizima, akaweka kiganja juu ya kichwa cha injini. Akakiacha hapo. "Bwana Kamande, shika."

Yule bwana akasita, akagusa kwa kidole, halafu kwa mkono mzima. "Haina moto."

"Maji yalikuwa yanazunguka wakati wote na kushuka na moshi. Ni dirisha tu lililofungwa."

"Na mpira umekata na mkono?"

"Na mkono."

Bwana Kamande alikunywa chai yake kwanza, pole pole, akala na nyama. Kisha akasema Jumanne lori litaleta zile zingine, na baba atafute mahali pa kuziweka. Akampa mama mkono. Mama akaupokea akiwa bado na leso mdomoni.

Maji ya pipa yalikuwa yamekufa, yana rangi zote za oili juu, hata nguo haingefuliwa nayo. Jioni hiyo baba alichukua madebe mawili akaenda mferejini mwenyewe. Wanaume wa Riruta hawakuwa wanabeba maji. Foleni nzima ya akina mama ilimshangilia, wengine wakamuuliza kama na yeye mke amemziba na sabuni. Alirudi mara nyingi, suruali imelowa, akipiga mluzi.

Baba alitengeneza mashine za boti nyuma ya ile ploti mpaka nilipoolewa. Zilikuja za Naivasha, baadaye hata za kwetu ziwani, zikisafiri na basi zimefungwa kwa magunia kama wagonjwa. Alinunua pipa lake. Mama naye alizoea. Ilifika wakati anauliza kwa sauti kutoka jikoni, "Imekojoa?" na ndugu wa kanisa wako ndani wanakunywa chai. Baba ametangulia miaka mingi sasa.

Nilipita Riruta baada ya mazishi. Mahali pa ploti yetu pana jumba la ghorofa, chini wanauza simu. Kila nyumba ina mfereji wake ndani, na matangi meusi juu ya paa. Vijana wanaoga kwa maji ambayo sisi tungepikia wiki nzima, wakiimba. Siwaonei kijicho, niliyabeba yale maji na shingo yangu inayakumbuka. Lakini nilikaa hapo nje kwa muda, na katika watu wote walioingia na kutoka kwenye lile jumba sikuona mmoja aliyejua jina la mwenzake. Sisi mtu akiwasha mashine, ploti ilitoka na viti. Aibu ya mama ilikuwa yetu wote, na kicheko kilikuwa chetu wote.

Sijamaliza habari ya wiki ile. Jumatatu asubuhi, siku mbili baada ya mgeni kuondoka, mama alivaa gauni la kanisani, akatushika mikono, mmoja huku mmoja huku, akatupeleka shule. Mwalimu mkuu alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi. Alikuwa akiuliza wazazi wetu sisi watu wa magharibi, kwa sababu kila Desemba wengi wetu tulipotea bila kuaga. Akamuuliza mama kama Januari tutakuwepo au tunarudi nyumbani.

"Tupo," mama akasema. Alisema kwa nguvu mpaka watoto waliokuwa wakifagia uwanja wakageuka.

Akatuachilia mikono, tukakimbia darasani.